Poudre ya Mwaka 2006

Institut Tujikaze, Kalumba, njia ya Lusangi
Tarehe 15 Januari 2024

Objet: Kufungwa kwa masomo, pamoja na ombi mbili

Kwa Chimène Mwamini, mushonaji wa nguo, Kasongo

Mwanangu Chimène,

Salamu nyingi. Ni mimi Préfet wako wa zamani, mukubwa wa masomo, Lwamba François. Usishituke. Sikuandikii juu ya kuchelewa kwako kila siku ya kwanza ya juma, ile nilikwisha kusamehe.

Mambo ni haya. Masomo yetu, Institut Tujikaze, yanafungwa. Barua ilitoka kwa wakubwa mbele ya Noeli: masomo yasiyo na wanafunzi wa kutosha yafungwe, siku ya mwisho ni tarehe 15 Machi. Nitabishana nao na nini? Katika makalasi sita niko na mwanafunzi mumoja. Wengine wote wako kwenye machimbo ya dhahabu kule Lusangi na mbele zaidi, pamoja na walimu wao. Bakari wa fizikia ndiye aliondoka wa kwanza, akasema anaenda kutazama tu. Ni miaka miwili sasa anatazama. Mwalimu Dorothée wa Kifaransa amerudi kwao Kabambare. Kila asubui ninagonga ile jante ya camion, chuma cha gurudumu, tuliyotundika badala ya kengele, unaikumbuka, na mutu mumoja anaingia.

Mutu yule ni binti yako, Esther-Divine. Iko kalasi ya sita, iko mwerevu, zaidi katika hesabu. Bibi yake Ernestine anamulea vizuri. Juu yake ndiyo ombi ya kwanza: ili afanye examen d'État, ule mutihani wa mwisho wa serikali, lazima aandikishwe kwa masomo mengine pale Kasongo mbele ya ile tarehe 15, na muzazi mwenyewe ajitokeze. Siku ile ikipita, mwaka wake umekufa, na mwaka ujao hapa hakutakuwa hata mulango wa kubisha.

Ombi ya pili. Wanataka kila masomo yanayofungwa yaache historique, historia yake ya kuandikwa. Nimeandikia wanafunzi wa zamani makumi mawili waniongezee kumbukumbu. Bado hakuna mwenye kujibu. Mimi nimeanza hivi:

"Masomo haya yalijengwa mwaka 1987 na wazazi wenyewe. Kila mwenye kuandikisha mutoto alileta matofali mia tatu, na alileta kwa kichwa. Mwaka 1993 tulipata finalistes, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wa kwanza, watu sita, na wote sita wakapita examen d'État. Desturi ni kumwagia poudre, ile poda ya watoto, mwenye kupita, lakini maduka yote ya Kalumba hayakuwa na poudre. Tukamwaga unga wa muhogo. Kuku wakawafuata vijana wetu muji muzima, na wamama wakanigombeza juu ya unga wao. Wakati wa vita tulifundishia porini, na ubao ulikuwa mulango wa nyumba ya katekista. Mwaka 2006 finalistes walikuwa kumi na mumoja, wote wakapita, na siku ile poudre ilikuwa nyingi."

Uniongezee unachokumbuka, hata kidogo. Jibu ulipe Muhindo, yule motard wa pikipiki kutoka Butembo. Anapita hapa kila siku ya posho, Jumamosi.

Lwamba François
Préfet

*

Kasongo, tarehe 2 Februari 2024

Préfet,

Eh! Kumbe hata leo bado uko na "Objet". Muhindo alipitisha barua kwa dirisha, nikaiacha saa mbili nzima juu ya mashini ya kushona bila kuifungua. Nilifikiri unanifukuza tena.

Lakini mukono wako haujazeeka hata kidogo! Mwandiko ni muzuri kuliko zamani, mistari imenyooka tii. Mimi nilizani sasa umekuwa muzee wa kutetemeka.

Ombi ya kwanza: ndiyo. Mutoto aje, mimi nitajitokeza. Fasi ya kulala iko, hata kama ni katikati ya mafurushi ya uniforme. Ndiyo kazi yangu, Préfet. Ninashona mashati meupe na sketi za bleu. Kila Septemba ninavalisha nusu ya watoto wa Kasongo, mimi ambaye uniforme yangu niliikunja katikati ya mwaka sababu yako.

Ombi ya pili. Umeandika "kumi na mumoja". Tulikuwa kumi na wawili. Unajua kuhesabu, ni wewe ulinifundisha. Mwezi wa tatu 2006 uliniita asubui mbele ya rang, masomo yote yamejipanga, bendera bado haijapanda, ukasema tumbo langu linaharibu sura ya masomo. Ukanipa karatasi ya kunifukuza. Fabrice wa kalasi yetu alikuwa amesimama mustari wa pili, anatazama viatu vyake. Tumbo lilikuwa la watu wawili, karatasi ikawa ya mumoja. Yeye akabaki, akapita, leo iko mukubwa fulani kule Kalemie, na hajawahi kuuliza mutoto anavaa kiatu gani. Siku matokeo yalitoka, mimi nilikuwa nyuma ya nyumba ninatwanga majani ya sombe na tumbo la miezi tisa. Nikasikia nderemo. Poudre ilikuwa nyingi, hapo umeandika vizuri. Upepo uliileta mpaka kwa lupango letu, ndani ya ua. Niliifagia.

Andika na ile kwa historique yako.

Lakini kuna jambo, na hapa ninakuomba kwa heshima. Esther-Divine asijue. Nilimudanganya. Tangu iko mudogo, kila tukipata réseau ya simu ananiuliza: Mama, wewe ulipata ngapi? Nikamuambia nilipata 57 kwa mia, kwamba walinimwagia poudre mpaka macho yakawaka, kwamba diplôme iliibwa wakati wa matata. Ningemuambia nini? Kwamba nilifukuzwa juu yeye alikuwa anakuja? Mutoto hawezi kubeba ile. Barua hii uichome ukiisha kusoma.

Aksanti.
Chimène

*

Kalumba, tarehe 11 Februari 2024

Mama,

Ni mimi Esther-Divine. Ule mwandiko uliosifu ni wangu.

Préfet haoni tena. Macho yake yako na utando mweupe, anaona kivuli cha mutu na mwanga wa mulango, basi. Yeye anasema, mimi ninaandika. Barua ikija, mimi ninamusomea kwa sauti. Alinikataza kusema kwa watu, juu wakubwa wakijua wangefunga masomo mbele ya siku. Pale aliposema "iko mwerevu" niliona haya, lakini niliandika.

Barua yako nilimusomea yote. Nilipofika "Esther-Divine asijue" nikaendelea, juu amenizoesha kusoma bila kuruka. Nikasoma mpaka "uichome". Mbuzi wa katekista akaingia kalasini, na hakuna aliyemufukuza.

Hamsini na saba. Mama, ile 57 niliiandika kwa makaa juu ya mulango wa chumba changu nikiwa kalasi ya kwanza. Kila asubui niliitazama, nikasema nitaipita hata kwa moja tu. Bibi aliiona kila siku, na hata yeye alinyamaza. Nyinyi wote mulinyamaza.

Kumbe ni mimi nilikufukuzisha. Na sasa ni mimi tena ninakalia benchi lako. Nimejaribu kulikalia kesho yake, sikuweza.

Sitakuja Kasongo. Rafiki yangu Cadette anapikia wachimbaji kule Lusangi, anasema wanatafuta mutu wa pili. Nitaenda wiki hii. Préfet nimemurudishia kalamu yake.

Bibi anakusalimia. Hajui kwamba ninajua.

Esther-Divine

*

Kalumba, tarehe 20 Februari 2024

Chimène,

Ninaandika mwenyewe. Nimelaza règle, ile ya kupigia mistari, juu ya karatasi ili mustari usianguke. Unisamehe herufi kubwa.

Haji tena. Siku tisa sasa. Ninagonga jante, ninasimama mbele ya ubao, ninangoja, ninafunga mulango. Nilienda kwa Ernestine nikiuliza njia kwa sauti, mimi niliyepima ile njia kwa kamba wakati wa kuijenga. Akaniambia mutoto iko Lusangi, kwa masufuria.

Wakati alisoma barua yako, sauti yake haikubadilika hata kidogo. Nilitaka kumuambia asimame. Nikamuacha asome mpaka mwisho.

Miaka makumi matatu na saba nimeongoza masomo haya, na mwanafunzi wa mwisho ameondoka juu ya kitu nilifanya mimi. Tarehe 15 iko karibu. Mimi hatanisikia. Andika wewe.

Lwamba

*

Kasongo, tarehe 27 Februari 2024

Mwanangu Esther-Divine,

Barua hii Muhindo anakuletea pale pale kwa sufuria. Nimemuambia asigeuze moto yake, ile pikipiki, mbele hajaona kwa macho unaifungua.

Nilidanganya. Sina neno la kuupamba uongo ule. Lakini wewe hukunifukuzisha. Ulikuwa mudogo kuliko embe, ungefukuzisha nani? Watu wazima walinifukuza, nikaona haya, na kwa miaka yote niliificha ile haya ndani ya uongo ili uwe na mama wa kusifu kwa wenzako. Nilifikiri ninakusaidia. Ninaona sasa nilikuwa ninajisaidia mimi.

Sasa sikia siri ingine, na hii hata Préfet haijui. Mwezi wa kumi na mbili, mbele ya barua yake kufika, nilienda kujiandikisha examen d'État. Autodidacte, ndiyo jina wanatupa sisi watu wazima tunaojifundisha wenyewe kwa nyumba. Niko na karatasi yenye picha yangu, nimeificha chini ya mashini. Nilitaka ile 57 iwe ya kweli mbele hujajua ni uongo. Nilitaka uniulize tena siku moja "Mama, ulipata ngapi?", na nikujibu bila kutazama pembeni.

Lakini Esther, hesabu! Mungu wangu. Kupima kiuno cha mutu ninajua, kukata kitambaa bila kupoteza hata kipande ninajua. Hizi dérivées zinanitukana. Kuna binti wa jirani, nilimushonea sketi ili anifundishe, akanicheka juma moja, akakimbia na sketi. Kila asubui ninafungua kitabu katikati ya mashati, ninakitazama, kinanitazama, ninakifunga. Niko peke yangu na kile kitabu.

Sikuiti uje kunisamehe. Ile utafanya siku utakayoona, ao usifanye. Ninakuita uje unifundishe hesabu. Nafasi yako kwa masomo ya hapa nimeisha kuiomba. Inabaki dossier ya karatasi zako na wewe mwenyewe, na tarehe 15 haina ndugu.

Ukibaki Lusangi, nitaingia examen peke yangu na nitaanguka peke yangu. Ninaijua hiyo njia, nimeishi nayo. Lakini uje.

Mama yako,
Chimène

*

Kalumba, tarehe 14 Machi 2024

Chimène, Esther-Divine,

Mukono wangu tena, na ile règle.

Moto ya Muhindo iliondoka na Esther siku ya posho. Niliisikia mpaka kwa mutelemuko wa mutoni, kisha sikuisikia tena. Mbele ya kuondoka alipita hapa kuchukua dossier. Alisema tu: "Mama pia anafanya examen, anataka nimufundishe." Nikakaa chini, Chimène. Ndiyo habari kubwa nimepata kwa miaka mingi. Aliacha kalamu yake mwenyewe juu ya meza. Sijui kama aliisahau ao aliniachia. Ndiyo ninaandikia.

Siku ya kwanza bila yeye niligonga jante kwa mazoea. Hakuna aliyeingia. Nikafundisha tu, kidogo, ile sura ya probabilités tuliyoacha katikati. Musicheke.

Kesho wanakuja kufunga. Historique wamenipa mpaka mwisho wa mwezi wa nane kuitoa. Ukurasa wa 2006 nimeuandika upya:

"Mwaka 2006 finalistes walikuwa kumi na wawili. Kumi na mumoja walipita. Wa kumi na mbili, Chimène Mwamini, hakufika kwenye examen, sababu Préfet alimufukuza juu ya mimba, mbele ya rang. Kijana aliyemupa mimba alibaki kalasini. Chimène alikuwa mwanafunzi wa pili kwa akili katika kalasi ile. Préfet ni mimi, Lwamba François."

Niliuandika mara nne. Kila mara règle iliteleza pale pale, kwa jina langu. Hii yote ilifaa nikuambie mbele ya rang, kama vile nilikufukuza mbele ya rang. Sasa rang haiko. Basi pole, mwanangu. Imechelewa miaka kumi na munane.

Musijibu kwanza. Muda wenu ni wa kujifunza, na hapa hakuna mwenye kunisomea. Matokeo yakitoka ndipo muniandikie.

Lwamba François

*

Kasongo, tarehe 18 Agosti 2024

Préfet,

Matokeo yametoka. Nimepata 63.

Mama amepata 46. Hakupita. Zilibakia nne tu kufika 50. Na si hesabu, Préfet! Hesabu alifanya vizuri kushinda vijana wengi. Kifaransa ndicho kilimuangusha. Anasema ni juu mwalimu Dorothée alikuwa anafundisha akitazama nje.

Wamama wa soko walikuja na makopo ya poudre, wakanimwagia mpaka ndani ya masikio. Mama alikuwa amesimama pembeni anapiga makofi, na kitenge chake cheusi, safi kabisa, hata chembe ya poudre. Nikanyang'anya kopo moja, nikamuendea. Akaanza kurudi nyuma. "Esther, acha, mimi sikupita, watu watanicheka." Nikamuambia: "Hii si ya mwaka huu. Hii ni ya 2006." Nikamumwagia kichwani mpaka kopo likaisha. Akalia, na poudre ikawa uji usoni mwake. Watu walicheka kweli. Kisha yeye pia akacheka, akashindwa kusimama, tukakaa wote chini katikati ya njia, na moto za watu zikawa zinatuzunguka.

Anasema mwaka ujao anarudia. Nitabaki hapa nimusukume kwa Kifaransa. Hatujaongea bado yote. Kuna siku ninamuita Mama, na kuna siku ninakaa kimya mpaka giza, na yeye ananiacha, anaendelea kushona. Lakini tuko pamoja.

Kalamu sikuisahau.

Ninajua hakuna mwenye kukusomea, na hii ndiyo inaniumiza ninapoandika. Ninaona mulango, ubao, na wewe. Mwambie Muhindo akusomee, anajua kusoma vizuri kuliko anavyoendesha moto. Poudre kidogo iliyobaki nimeitia ndani ya enveloppe ya barua hii. Ile ni yako.

Esther-Divine

*

Kalumba, tarehe 26 Agosti 2024

Esther-Divine, Chimène,

Barua yenu ilifika siku ya posho. Muhindo alitaka kunisomea pale pale, moto ikiunguruma. Nikamukatalia.

Nilienda kuifungulia ndani ya kalasi ya sita. Mulango waliufunga na kufuli, lakini dirisha halina kitu, basi nikaingia kwa dirisha, na umri wangu huu. Nikakaa kwa benchi la mbele. Nikapasua enveloppe. Kitu kikamwagika juu ya mikono, laini, na harufu ya mutoto aliyetoka kuoga. Nikajua.

Nilipiga kelele peke yangu kule ndani. Kisha nikatoka, nikagonga jante, saa tisa ya muchana! Ernestine akaja mbio, akizani nyumba inaungua. Nilimupaka tu ile poudre kwa mashavu. Akaelewa. Akapiga nderemo, peke yake mbele ya masomo yaliyofungwa, na nyumba ya kwanza upande wa mutoni ikamujibu, na ingine. Si nyingi. Walio wengi hawako. Lakini zilijibu.

Sasa, poudre haina jina. Sijui kama ni ya mutoto ao ya mama. Muhindo anapita kesho akienda Kabambare na historique, na akirudi atawaletea hii barua. Leo pia alisimama hapa, akaniuliza mara ya pili: "Préfet, nisikusomee?" Akinisomea nitajua, na nikijua itabidi niandike vile ninavyojua. Nimeandika vitabu vya masomo haya miaka makumi matatu na saba vile nilivyojua, na mumeona nilivyoandika 2006.

Basi ukurasa wa mwisho nimeuandika hivi: "Mwaka 2024 finalistes walikuwa wawili, Chimène Mwamini na binti yake Esther-Divine. Wote wawili walipata poudre." Nimetia sahihi, nimegonga cachet, muhuri wa masomo, nimefunga bahasha kwa gundi.

Kesho Muhindo akiisha kuitia ndani ya mufuko wake, ndipo nitamupa barua yenu anisomee.

Lwamba François
Préfet